Kwa Mwendo wa Watoto

Andiko la wiki: Mwanzo 33:12–17

Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome aya hizo sita mwenyewe, kisha urudi hapa. Jumapili iliyopita tulizisoma pamoja, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati na walioketi nyuma hawakusikia vizuri. Ndiyo maana wanaotengeneza kijarida hiki wameniomba niandike lile somo upya, na niliandike polepole.

Yakobo anarudi nyumbani. Amekaa kwa mjomba wake Labani miaka 20. Aliondoka na fimbo mkononi, sasa anarudi na wake, watoto na mifugo mingi. Mbele yake anakuja Esau, ndugu yake, yule aliyekuwa ameapa kumuua, akiwa na wanaume 400. Sote tunajua walivyokumbatiana wakalia. Hiyo sehemu imehubiriwa sana, na mimi mwenyewe nimeihubiri. Leo nataka tutazame kitu kidogo kinachofuata baada ya machozi kukauka.

Esau anasema haya, twende pamoja. Na Yakobo anamkatalia kwa heshima. Anamweleza ndugu yake kwamba ana watoto wadogo, ana mifugo inayonyonyesha, na ikisukumwa kwa nguvu hata siku moja tu, atapoteza kundi zima. Kwa hiyo anamwomba atangulie. Yeye Yakobo atafuata taratibu, kadiri mifugo na watoto watakavyoweza kwenda.

Sasa, mtu wa mjini akisoma hapo anaona visingizio. Mtu wa Kimana anaona hesabu. Wewe uliyewahi kuhamisha ng'ombe waliozaa juzi unajua huwezi kumswaga ndama wa wiki mbili kama unavyomswaga fahali. Ukimkimbiza leo, kesho unambeba begani, na kesho kutwa unamchuna ngozi. Yakobo alikuwa mchungaji wa kweli. Alijua kwamba kundi haliendi kwa nguvu za aliye mbele. Kundi linakwenda kwa nguvu za mdogo aliye nyuma kabisa.

Wako wanaofundisha kwamba Yakobo alikuwa anamzunguka tu ndugu yake, kwa maana hakwenda Seiri kama alivyosema, alikata kona akaenda Sukothi. Inawezekana. Yakobo ni Yakobo, tunamjua. Lakini tazama alichofanya alipofika Sukothi. Alijenga nyumba, na mifugo akaitengenezea vibanda. Mtu anayetumia watoto na ndama kama kisingizio hatoi jasho kuwatafutia kivuli. Mimi nasimama na wale wanaoamini alimaanisha.

Halafu rudi sura moja nyuma, Mwanzo 32. Usiku wa kuamkia siku hiyo Yakobo alishindana mweleka mpaka alfajiri, nyonga yake ikateguka. Kwa hiyo mtu huyu anayesema atakwenda kwa mwendo wa watoto, mwenyewe alikuwa anachechemea! Mungu alikuwa amempunguzia mwendo kabla hajafika kwa Esau. Mwambie jirani yako: huenda Mungu amenipunguzia mwendo kwa sababu ya watoto. Kama uko peke yako hapo nyumbani, jiambie mwenyewe.

Sasa niwaeleze somo hili lilitoka wapi. Lilitoka kwa swali la mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana. Alinisimamisha pale langoni baada ya maombi ya Jumatano.

"Pastor, nasikia ulienda Nairobi kupanda bembea."

"Ni kweli, mzee."

"Wewe na umri huo?"

"Mimi na umri huu, mzee, pamoja na kijana."

Akanyamaza kidogo, akapiga fimbo chini. "Na pesa ya bembea, si ingeweka mlango kwa choo ya kanisa?"

Wapendwa, hilo ni swali halali. Msicheke. Katika kanisa hili tuna watu wanaodaiwa karo, tuna mama ambaye bili ya hospitali bado haijaisha, na ni kweli choo cha wanaume hakina mlango. Mchungaji akionekana anatoka na mtoto kwenda kuzungushwa hewani jijini, washirika wana haki ya kuuliza. Nilimwomba mzee ruhusa nijibu mbele ya kanisa, naye akakubali. Kwa hiyo nisikilizeni.

Mnakumbuka 2022. Wakubwa hawahitaji kukumbushwa, lakini kijarida hiki kinasomwa pia na vijana ambao wakati huo walikuwa wadogo. Mvua ilikuwa imekosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020. Pundamilia na nyumbu wa Amboseli walikuwa wanaanguka kando ya barabara. Ng'ombe walikuwa wanainuliwa asubuhi kwa mikono, wanaume wanne kwa ng'ombe mmoja, na wengine wakiinuliwa hawakusimama. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, nilikuwa bado sijawekewa mikono kuwa mchungaji. Nikaondoka na ng'ombe 31 kuelekea Chyulu kutafuta nyasi. Mama watoto akabaki hapa sokoni akiuza nyanya na vitunguu. Kijana wetu wa pili, miaka minne, tukampeleka kwa koko wake upande wa Loitokitok, kwa sababu kule kulikuwa na maji na mbuzi wa maziwa. Asubuhi ya kuondoka alishika shuka yangu, hataki kuachilia. Nikamwambia nitarudi mvua ikinyesha.

Niliporudi ilikuwa Aprili 2023, na ng'ombe sita.

Kijana aliendelea kukaa kwa koko, kwa sababu nyumbani hatukuwa na kitu. Akaanza shule kule. Amerudi kwetu Januari mwaka huu akiwa na miaka saba. Na mtoto aliyerudi alikuwa na adabu nyingi mno. Kila nikiingia alikuja, akainamisha kichwa nimwekee mkono kama anavyofanya kwa mzee yeyote, kisha akaenda zake. Akitumwa anakwenda. Akipewa anashukuru. Na aliniita "Pastor", kwa sababu ndivyo alivyosikia watu wote wakiniita. Mama yake alimsahihisha mara mbili, nikamwambia amwache. Jina kama hilo haliingii kwa kusahihishwa.

Karibu na soko kuna duka lenye kalenda ukutani, na kwenye kalenda kuna picha ya lile gurudumu kubwa la Two Rivers, Nairobi, lile linaloitwa Eye of Kenya. Mama watoto ndiye aliyegundua kwamba kijana, akitumwa sukari, anachelewa kwa sababu anasimama mbele ya ile kalenda. Hakuwahi kuniomba tumtembelee hilo gurudumu. Hakuwahi kuniomba kitu chochote. Wazazi, mtoto anayelia anataka kitu, unamsikia. Asiyeomba kabisa ndiye wa kukunyima usingizi.

Likizo ya Agosti niliuza beberu siku ya soko. Tukatoka Kimana saa kumi alfajiri kwa matatu ya kwenda Emali, mlima nyuma yetu haujaonekana bado. Emali tukaingia Mombasa Road pamoja na malori yote ya dunia. Kijana alikaa dirishani, akahesabu matrela mpaka akachoka. Mjini tukapanda gari lingine la Limuru Road. Kwa wasiopajua, Two Rivers ni jumba kubwa la maduka lililofunguliwa 2017, na kando yake ndipo kuna uwanja wa hayo mambo ya kuzunguka.

Nitasema kidogo tu kuhusu mchezo wenyewe. Tulianza na wale farasi wa kuzunguka. Alichagua mweupe, mimi nikasimama kando nimeshika mlingoti, nikiwa baba pekee aliyevaa koti la kanisa. Halafu tukaingia kwenye vigari vya kugongana. Mimi nimeendesha pikipiki porini miaka mingi, lakini kile kigari kilinikataa, na msichana wa kama miaka kumi akanigonga ubavuni mpaka kofia ikaanguka. Kijana akacheka. Akacheka mpaka akashika tumbo. Tangu Januari nilikuwa sijakisikia kicheko chake, na nilikuwa sijui kwamba anacheka kama marehemu baba yangu.

Halafu tukafika kwa lile garimoshi dogo linalopanda reli za juu na kushuka kwa kasi. Hapo langoni pana mstari wa kupimia urefu. Kijana alisimama chini yake akanyoosha shingo, akapungukiwa na kama vidole viwili. Mwanamume aliyekuwa nyuma yetu, kwa nia njema tu, akaninong'oneza: "Mwambie asimame kwa ncha za vidole, hawaangaliagi." Lakini dada aliyekuwa pale alikuwa anaangalia. Akainama, akamweleza kijana mwenyewe badala ya kunieleza mimi: kile chuma kinachokushika mapajani kimetengenezwa kwa mwili mkubwa kuliko wako, wewe ukikaa hapo kinabaki na nafasi, na gari likiinama unaweza kuteleza. Njoo ukikua. Wapendwa, niliipenda kazi ya dada yule. Hakuwa mkali, na hakuondoka kwenye mstari wake. Natamani walimu wetu wa Jumapili wote wangesimama hivyo.

Kijana hakulia. Alienda akasimama kwenye ua, akaupa uwanja mgongo. Nikamfuata, nikachuchumaa.

Akasema, bila kuniangalia, "Nilijua hatutapanda."

"Ulijuaje?"

"Ulisema utarudi mvua ikinyesha."

Nataka mzielewe hesabu za mtoto. Kwake yeye, mwaka 2022 na lile garimoshi vilikuwa jambo moja. Baba anasema kitu, halafu kitu kinapungukiwa na vidole viwili. Alikuwa amengoja mvua kwa koko miezi tisa. Wakati sisi watu wazima tulikuwa tunaangalia mawingu kwa ajili ya ng'ombe, yeye alikuwa anayaangalia kwa ajili ya baba yake. Na kila asubuhi yenye jua alipata jibu.

Ningeweza kumweleza habari za ukame. Ningeweza kumwambia kwamba mvua si yangu, kwamba kama nisingeondoka hata hao sita wasingekuwepo, na kwamba shule anayosoma sasa inalipwa kwa maziwa ya hao sita. Yote ni kweli. Lakini mtoto wa miaka saba aliyesimama kwenye ua hakuhitaji kesi yangu. Nikamwambia, "Mvua ilinyesha, nikarudi. Ilichelewa."

Akasema, "Ilichelewa sana."

"Sana," nikasema.

Tukakaa hapo. Simu ikalia mara mbili, nikaizima. Sijui tulikaa muda gani. Watu walipita na vikombe vya aiskrimu. Na hapo ndipo andiko la Yakobo lilipoanza kufunguka kwangu, kwa sababu kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema twende, tumelipa nauli, tumelipa kiingilio, jua linakwenda, gurudumu bado. Huo ndio mwendo wa Esau. Esau hakuwa mtu mbaya siku ile, alikuwa amesamehe na alikuwa anataka kusaidia. Lakini alikuwa na wanaume 400 wasio na mtoto hata mmoja mgongoni, na mwendo wake haukuwafaa waliokuwa wachanga. Mwendo wa mtoto siku hiyo ulikuwa kusimama. Basi nikasimama.

Alipokuwa tayari aligeuka mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye gurudumu.

Mnisamehe, hapa niingize kidogo habari ya lile gurudumu, kwa sababu wengi waliniuliza. Aliyelibuni kubwa la kwanza ni George Ferris, mhandisi wa Marekani. Alilijenga kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893. Lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi, na mabehewa 36, kila behewa likibeba watu 60. Watu wengi walisema haliwezi kusimama. Likasimama, likazunguka. La Nairobi ni dogo kuliko hilo na vibanda vyake ni vya watu wachache, lakini kazi ni ileile. Ukishafungiwa mlango, huna pa kwenda. Huwezi kushuka ukaongee na mtu, huwezi kusema nakuja sasa hivi. Mko wawili na hewa.

Tulipoanza kupanda alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Karibu na juu akauliza, "Mbona hatupinduki?" Nikamwonyesha. Gurudumu linageuka lote, lakini kibanda hakikupigiliwa misumari kwenye gurudumu, kimening'inia kutoka juu kwa ekseli. Uzito uko chini, kishikio kiko juu. Gurudumu likigeuka, kibanda kinabaki wima. Akaangalia ile ekseli muda mrefu sana. Najua wahubiri wenzangu tayari wameona mahubiri hapo, waichukue, sitaki hakimiliki.

Juu kabisa likasimama kidogo, wenye chini wakiingia. Akauliza Kimana iko upande gani. Nikamwonyesha kusini, kupita mabati ya jiji, kupita hata Athi River. Haikuonekana, bila shaka. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na ukungu.

"Ng'ombe wanaweza kufika hapa kwa miguu?"

"Wanaweza. Siku nyingi."

"Na mtoto?"

"Mtoto akichoka anabebwa."

Akafikiri. Kisha akauliza kama wale ng'ombe 25 walikufa wote siku moja au mmoja mmoja. Nikamwambia mmoja mmoja. Akataka kujua kila mmoja. Kwa hiyo gurudumu lilizunguka, na sisi ndani tulikuwa tunazika ng'ombe: yule mwekundu mwenye pembe moja, yule mweusi wa koko, yule fahali aliyekufa nikiwa nimemshika kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari zao hivyo. Hata wazee wenzangu waliuliza idadi tu.

Ndiyo siku yenyewe hiyo. Usiku, ndani ya matatu kutoka Emali, alilala juu ya mapaja yangu mpaka miguu ikafa ganzi. Na sitawadanganya kwamba kila kitu kiligeuka. Siku zingine ananiita Baba. Siku zingine bado ni Pastor, hasa akiwa ametumwa na mama yake kuniambia chakula kiko tayari na mimi ninaongea na wageni. Safari haijaisha.

Sasa nimjibu mzee.

Mzee, soma Zakaria 8:4–5. Watu wa Mungu wametoka utumwani Babeli. Mji bado ni magofu, hata hekalu bado linajengwa. Na Bwana anawapa picha ya mji uliopona. Unaonaje picha hiyo? Katika aya hizo mbili hataji ukuta wala lango. Anataja wazee wa kike na wa kiume wamekaa njiani na mikongojo yao kwa ajili ya umri mkubwa, na njia hizohizo zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Mzee na mtoto mahali pamoja, mmoja na fimbo yake, mwingine na mchezo wake. Mungu mwenyewe alihesabu mchezo wa watoto kuwa ushahidi kwamba amerudi kukaa kati ya watu wake.

Kwa hiyo swali la kwamba kucheza ni mambo ya dunia, mimi nalifunga kwa andiko hilo. Dunia inayo michezo yake michafu, tunaijua, na hapa Kimana usiku inafunguliwa kwa spika kubwa. Lakini mtoto kucheza na mzazi wake ni jambo la Mungu. Hata mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wakubwa walimdharau sana. Jengo halikujengwa. Bustani ikabaki, na wengi wenu ninyi mlikwenda kwenye mikutano ya injili palepale, na watoto wenu wakapanda mashua palepale. Leo hapa kwetu ardhi imegawanywa, nyua za waya zinapanda kila mwezi, viwanja vinauzwa, na watoto wanacheza kandokando ya barabara, malori ya nyanya yakipita. Tuangalie hapo pia, wazee wa kamati ya ujenzi.

Lakini kuhusu pesa, mzee, niko nawe. Sitaki mtu asome kijarida hiki halafu akope kwa simu ampeleke mtoto Nairobi. Usikope. Usiuze ng'ombe wa maziwa. Mimi niliuza beberu, na kama beberu asingekuwepo, tungepanda juu ya kilima kile cha nyuma ya shule tukakaa huko. Kile alichokula kijana siku ile hakikuwa kwenye tiketi. Gurudumu lilisaidia kwa sababu lilinifungia mlango, basi. Wewe unaweza kujifungia mlango bila tiketi. Mpeleke mtoto shambani wakati wa kufungulia maji, mkae kwenye mfereji, simu iache nyumbani. Atasema neno la kwanza baada ya saa nzima, na litakuwa juu ya chura. Ongea juu ya chura. La pili litakuja.

Nasema zaidi na wababa. Yusufu na Mariamu walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yuko katika msafara, pamoja na jamaa. Luka 2 inasema hivyo. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu. Na siku moja ya kudhani iliwagharimu siku tatu mpaka kumpata. Ninyi mnaopakia nyanya usiku kwenda Marikiti na kurudi mchana mkalala, mnadhani kijana yuko katika msafara, yuko na mama, yuko na koko, yuko na binamu. Labda yuko. Geuka uangalie. Na ninyi ambao ukame ukirudi mtaondoka tena na ng'ombe, kwa maana utarudi na lazima mtu aondoke, mpigieni mtoto simu mwenyewe, si mama yake tu. Mwambieni ng'ombe wangapi wamebaki. Anahesabu kuliko mnavyodhani.

Kina mama mnaolea peke yenu, sina la kuwaongezea. Ninyi mmekwenda kwa mwendo wa watoto miaka yote, wakati wengine tulikuwa tumetangulia na Esau. Musa aliwakumbusha Israeli, Kumbukumbu la Torati 1:31, kwamba jangwani Bwana aliwabeba kama baba anavyombeba mtoto wake, njia nzima mpaka wakafika. Anayebeba naye anabebwa. Dada wa maombi watapita nyumbani kwenu wiki hii, na wakija msiwapikie. Wamekuja kuosha vyombo.

Mlango wa choo, mzee: fundi anakuja Alhamisi, na mbao ziko tayari kwangu.

Na Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, wababa wote tunakutana uwanjani nyuma ya kanisa, kila mmoja na mtoto wake. Ambaye mtoto wake yuko mbali aje atachukua mmoja wa wajane. Kuna kamba ya bembea itafungwa kwenye ule mti wa mgunga, na mipira miwili. Hakuna kiingilio na hakuna mahubiri. Simu zitawekwa kwenye kapu mlangoni, na mhasibu wa kanisa ndiye atakayelilinda. Wazee wenye magoti, njooni na mikongojo yenu, tutaweka viti kivulini.